Fomu 34A: Tutajuaje kama picha iliyotumwa imehifadhiwa kweli?

Wakenya watarudi debeni Agosti 2027. Swali litakuwa nani amepata kura ngapi, na pia kama picha za fomu za matokeo zimefika zikiwa kamili.

Fomu 34A hujazwa kituoni kura za urais zikishahesabiwa. Msimamizi wa kituo na mawakala wa wagombea huitia sahihi. Kisha hupigwa picha na kutumwa kwa mtandao, na nakala hubandikwa mlangoni.

Yaliyotokea 2017

Mwaka huo, tarakimu za kura zilionekana kwenye skrini huku picha nyingi za fomu zikiwa bado hazijafika. Tarakimu ni nyepesi, hupita hata penye mtandao hafifu. Picha ni nzito. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilisema zaidi ya vituo 11,000 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G.

Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti. Siku kadhaa baadaye, tume ilikuwa bado haijaweza kutoa fomu zote. Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, lakini amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta uchaguzi wa urais.

Kilichobadilika 2022

Safari hii, picha za fomu kutoka karibu vituo vyote 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ambayo yeyote mwenye simu angeweza kuifungua. Baadaye yalitokea madai kwamba picha zilibadilishwa njiani. Mahakama iliagiza ukaguzi, na fomu za karatasi zikalinganishwa na zile za tovuti. Haikupatikana tofauti ya maana. Tarehe 5 Septemba, mahakama iliidhinisha matokeo.

Kuhakikisha ni kufanya nini?

Neno "imetumwa" kwenye skrini halitoshi kuwa ushahidi. Mafundi wa kompyuta hufanya mambo matatu.

Kwanza, huhesabu: idadi ya picha zilizopokelewa ilingane na idadi ya vituo.

Pili, huzifungua. Jina la faili linaweza kuwepo kwenye hifadhi huku ndani mkiwa tupu, au picha ikiwa nusu kwa sababu mtandao ulikatika.

Tatu, hulinganisha na ile ya asili. Programu hukokotoa alama ya kila faili, mfano wa alama ya kidole. Hata nukta moja ya picha ikibadilika, alama hiyo nayo hubadilika.

Lakini alama hiyo ina mpaka wake. Itaonyesha kwamba picha haikuguswa njiani, ila haiwezi kujua kama fomu ilijazwa kwa haki. Hilo linajulikana na waliokuwa kituoni.

Wewe unaweza kufanya nini?

Ndiyo maana tunasema fomu ya mlangoni ina thamani kubwa. Ipige picha ukiwa kituoni, namba zote zisomeke. Matokeo yakiwekwa mtandaoni, tafuta kituo chako na ulinganishe mstari kwa mstari. Ukiona tofauti, mjulishe wakala wa mgombea wako mapema, ukiwa na picha yako mkononi. Kesi ya urais ina siku saba tu za kufikishwa mahakamani baada ya mshindi kutangazwa.