Nguruwe Wako si Tasa, Ana Njaa

Neno "tasa" ni zito katika Kiswahili. Likishatamkwa juu ya mnyama, hukumu imetolewa na kisu kinanolewa. Nina hakika kwamba katika mabanda mengi ya nguruwe, kuanzia Kiambu hadi Busia, neno hili hutumiwa isivyo haki. Nguruwe aliyekwisha kuzaa watoto 10 hawezi kuitwa tasa eti kwa sababu mwezi umepita tangu watoto waachishwe ziwa naye hajatafuta dume. Mwenye afya humtafuta katika muda wa juma moja hivi. Huyu aliyechelewa, aghalabu alishindishwa njaa alipokuwa akinyonyesha, na mwili wake ungali unalipa deni hilo.

Nguruwe hubeba mimba kwa siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Katika muda huo kilo 2 hadi 2.5 za chakula kilichochanganywa sawasawa humtosha kwa siku. Akiisha kuzaa, hesabu hubadilika kabisa. Kanuni iliyozoeleka ni kilo 2 za kumkimu yeye mwenyewe, na takriban nusu kilo kwa kila mtoto anayenyonya. Basi mwenye watoto 10 anastahili kilo 7, akifikishwa huko polepole katika juma la kwanza. Huo si uroho. Anatoa maziwa lita 8 au zaidi kwa siku, tena yenye mafuta mengi kuliko ya ng'ombe, na asichokipata horini hukitoa katika mwili wake mwenyewe.

Wafugaji wetu wengi hufanya kinyume. Mwenye mimba hupendelewa na kunenepeshwa kama wa sikukuu. Akishazaa hurudishiwa ndoo ile ile ya kila siku. Hapo madhara huwa maradufu, kwa maana nguruwe aliyenona kupita kiasi wakati wa mimba hupungukiwa na hamu ya kula wakati anaponyonyesha, ndipo hasa chakula kinapotakiwa.

Hata anayetaka kumlisha vyema huweza kushindwa na joto. Watoto wachanga huhitaji nyuzi 30 za sentigredi na zaidi. Mama yao hustarehe karibu na 20, na ngozi yake haitoi jasho la kumpoza. Bati la banda likiwaka adhuhuri, huacha kula. Dawa yake si ghali: kivuli, chakula kitolewe alfajiri na jioni, na maji safi lita 20 hadi 40 kwa siku. Maji ndiyo yanayosahauliwa mno, kana kwamba maziwa hutengenezwa kwa pumba tupu. Lakini akikataa chakula siku chache baada ya kuzaa, mwili ukachemka na kiwele kikawa kigumu, huo ni ugonjwa, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Mwanaisimu hakosi kuongeza jambo moja juu ya sauti. Nguruwe huwanyonyesha watoto wake kila baada ya saa moja hivi, akiwaita kwa mguno wa polepole ambao huharakishwa maziwa yanapokaribia kushuka. Na yakishuka, hayadumu hata nusu dakika. Mfugaji aliyejifunza kuusikiliza mguno huo, kisha akatazama kama watoto wanalala baada yake au wanaendelea kulia, huanza kuijua hali ya kiwele kabla hajakigusa.

Kwa nini elimu hii, ambayo si ngeni, haijafika bandani? Katika shule zetu Kilimo hufundishwa kwa Kiingereza. Maandishi ya magunia ya chakula cha mifugo aghalabu ni ya Kiingereza. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, huachiwa orodha za kukariri. Mwanafunzi wetu hujua kwamba mtoto wa nguruwe ni kivinimbi, akapata alama yake. Hajaambiwa kwamba kivinimbi huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, kwamba maziwa ya mama hayana madini hayo ya kutosha, na kwamba kwa sababu hiyo hudungwa sindano ya madini katika siku za kwanza za maisha yake.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilikulia pwani miongoni mwa Waislamu, hakina maneno ya kazi hii. Wamekosea. Koo ni mnyama jike aliyekwisha kuzaa, mtamba ni yule ambaye bado, na dang'a ni maziwa ya kwanza, ambayo kivinimbi asipoyapata katika saa 24 za mwanzo hukosa kinga ya maradhi. Maneno haya tuliyazoea kwa mbuzi na ng'ombe, nayo humfaa nguruwe bila kubadilishwa hata herufi. (Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kumgusa mnyama huyu ataniwia radhi, mbuzi wake naye hanyonyeshi kwa hewa.)

Mfugaji atauliza: kilo 7 kwa siku nitazitoa wapi, ilhali gunia la kilo 70 litakwisha kwa siku 10? Swali ni la haki, na bei ya chakula imewafukuza wengi katika ufugaji huu. Walimu na walipeleke darasani kama hesabu. Nguruwe aliyekonda akikosa kutafuta dume kwa mzunguko mmoja, hizo ni siku 21, na kila siku anakula kilo zake 2 bila mimba wala maziwa. Jumla ni kilo 42. Akikosa mizunguko miwili ni 84, na bado hatujahesabu watoto walioachishwa ziwa wakiwa dhaifu, wakachelewa kufika sokoni. Ningependa wanafunzi waifanye hesabu hiyo kwa Kiswahili, kisha waende nayo nyumbani jioni, kabla mchinjaji hajaitwa.