Tusiitupe Amplifaya kwa Kosa la Kapasita Mbili



Ndugu wanafunzi wenzetu, tunaomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu tuzungumzie chombo ambacho wengi wetu hukikumbuka siku kinapoharibika tu, nacho ni amplifaya ya madrasa. Sisi tuliokabidhiwa vyombo vya sauti tuna maoni yetu juu ya jambo hili, na kwa kuwa maoni hayo yametokana na makosa yetu wenyewe, tutaanza kwa kuyakiri.

Wiki mbili kabla ya mahafali ya mwaka jana, amplifaya ilianza kuvuma. Tukapunguza sauti hadi mwisho, mvumo ukabaki palepale. Tukachomoa waya wa kipaza sauti, mvumo ukabaki. Kwa hakika hapo tulikuwa tumekwisha pewa jibu, ila hatukuwa na elimu ya kulisoma. Siku ya tatu umeme ulikatika, na uliporudi fyuzi ikaungua. Tukaweka nyingine, nayo ikaungua papo hapo. Ndipo mmoja wetu akachuna unyuzi wa shaba kwenye waya mbovu, akauzungusha juu ya fyuzi iliyokufa. Taa ikawaka, tukapiga makofi! Haikupita dakika moja chumba kikajaa harufu ya kitu kinachoungua, ikabidi ustadhi mwenyewe aje achomoe plagi.

Jioni ile kamati ilikaa. Fedha zilizokuwepo ni za michango ya wazazi, na zilichangwa kwa ajili ya misahafu na mikeka ya darasa la wadogo. Wengi walisema amplifaya imekufa, zitolewe fedha hizo inunuliwe mpya, na wadogo wasubiri mwakani. Na sisi, kwa aibu ya tulichokifanya, tuliunga mkono. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema aitwe fundi kwanza.

Fundi alipokuja hakuichomeka amplifaya moja kwa moja ukutani. Alikuwa na balbu ya zamani, ile ya uzi, ya wati 100, akaiunga katika njia ya umeme kabla ya kufika kwenye amplifaya. Alipowasha, balbu iliwaka kwa nguvu zote na haikufifia. Akatuambia kuwa hiyo ni dalili kwamba ndani kuna shoti, na kwamba bila ya balbu ile fyuzi ingeungua tena. Akaizima, akafungua mfuniko, akatuonyesha sehemu ambayo mafundi huiita pawa sapulai.

Kazi ya sehemu hiyo ni rahisi kueleza. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni volti 230, nao ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Transfoma huzipunguza volti hizo. Dayodi nne huugeuza mkondo uende upande mmoja tu, lakini bado unakuja kwa mawimbi 100 kila sekunde. Kapasita kubwa ndizo zinazoyatuliza mawimbi hayo, mfano wa pipa la maji ambalo bomba linalijaza kwa kushtukiza lakini mfereji wake wa chini unatoka bila kukatika. Kapasita zikikauka, mawimbi hupenya hadi kwenye spika, nayo ndiyo ule mvumo usiosikia amri ya kitufe cha sauti.

Katika amplifaya yetu kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa, na dayodi moja imepiga shoti. Transfoma ilisalimika, kwa rehema za Mwenyezi Mungu na kwa wepesi wa mkono wa ustadhi. Fundi alibadilisha dayodi zote nne, kapasita zote mbili na fyuzi. Aliporudisha ile balbu yake, iliwaka mara moja kisha ikafifia. Gharama yote, pamoja na ujira wake, haikufika sehemu ya kumi ya bei ya amplifaya mpya. Misahafu na mikeka ya wadogo ikanunuliwa.

Hivyo basi, maoni yetu ni kwamba chombo cha madrasa kisihukumiwe kufa kabla ya kufunguliwa. Wapo wanaosema kuwa kipya ni bora kwa kuwa kina garantii. Hatuwapingi moja kwa moja, kwani kuna wakati kununua ndiyo busara. Ikiwa transfoma imeungua na kuisuka upya kunakaribia bei ya chombo kizima, au bodi imegeuka mkaa, au vipuri vyake havipatikani, kubadilisha ni sawa. Tunachokataa ni kununua kwa uvivu wa kuchunguza. Isitoshe, hata hicho kipya kina kapasita ndani yake, na tukikitunza kama tulivyokitunza cha zamani nacho kitatufikisha hapahapa.

Na tulikitunzaje? Tulikiweka ndani ya kabati, tena tumekifunika kitambaa cha kufumwa ili kisiingie vumbi, na matundu ya hewa yote yakazibwa. Kanuni inayojulikana kwa mafundi ni kuwa kila joto linapopanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa takriban nusu. Kitambaa kile kizuri ndicho kilichokuwa kikiila amplifaya yetu kimyakimya.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, fyuzi ibadilishwe kwa fyuzi ya kiwango kilekile kilichoandikwa nyuma ya chombo. Ikiandikwa T3.15A, basi iwe hivyo hivyo, kwani herufi T ina maana kuwa fyuzi hiyo huvumilia kishindo cha kuwashia. Waya wa shaba na karatasi ya sigara si fyuzi. Fyuzi ikiungua mara mbili, ujue inakuambia jambo, isikilize.

Pili, asifungue mfuniko asiyefundishwa. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi wetu aliutoa kwa rezista, kisha akapima kwa mita ndipo akagusa. Na zile amplifaya nyepesi za siku hizi, zisizo na transfoma kubwa, ni hatari zaidi, kwani kapasita yake ya kwanza hushika volti zipatazo 325. Hizo ni za fundi peke yake.

Tatu, vile viadapta vidogo vya nje, kama cha mikseri yetu, vikifa visikarabatiwe, vinunuliwe vingine. Lakini kabla ya kununua tusome maandishi yake: volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, na aina ya mkondo ilingane. Mikseri nyingine hutaka mkondo geu na nyingine mkondo mnyoofu. Na kwa zinazotaka mnyoofu, upande wa chanya na wa hasi lazima ulingane pia. Plagi kuingia kwenye tundu si dalili ya kuwa imefaa.

Nne, kila mwaka wanafunzi wawili wa darasa la juu wapelekwe kwa fundi wakati wa likizo wakajifunze kupima na kulehemu kwa risasi, na liwepo daftari la kuandika kila chombo kilichoharibika, kilichobadilishwa na tarehe yake.

Ndugu zetu, amplifaya ile si yetu sisi tunaoibonyeza. Ni amana ya wazazi waliochanga, na ya wadogo zetu ambao nusura wakose misahafu kwa sababu ya unyuzi mmoja wa shaba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliusikia ukivuma siku tatu nzima, tukaupuuza. Mwaka huu yeyote atakayeusikia tena, tunamuomba azime, achomoe, kisha aseme.

Wabillahi tawfiq.