Mshindi Hupangwa, Maumivu Hayapangwi

Anza kusimulia pambano la mieleka ya Marekani mbele ya watu wazima, na hutafika mbali kabla hujakatizwa: "Achana na hao, wale wanaigiza tu." Anayesema hivyo hujiona amefichua siri. Siri gani? Mwaka 1989 kampuni ya tajiri wa mieleka, Vince McMahon, yenyewe ililieleza Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano. Ilikuwa na sababu nzuri ya kukiri. Mashindano husimamiwa na kamisheni ya michezo ya jimbo, na kamisheni huja na leseni, kodi na daktari wa kuwapima wapiganaji kabla hawajapanda ulingoni. Burudani haina usumbufu huo. Kwa hiyo kila anayesema "ni maigizo" anarudia maneno ya tajiri, tena maneno yaliyompunguzia tajiri gharama.

Sibishi kwamba mshindi hupangwa. Hupangwa, na wapiganaji wanajua kabla ya kengele. Ninachokikataa ni ile hatua ya pili ambayo watu huichukua bila kufikiri: kwamba kama mshindi anajulikana, basi hakuna anayeumia. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kigodoro chembamba na turubai. Mtu wa kilo mia na zaidi akitupwa hapo kwa mgongo, mgongo hauulizi nani amepangiwa kushinda. Na kesho yake kuna mji mwingine na ulingo mwingine.

Mtazameni Bret Hart. Alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1957, katika nyumba ambayo baba yake, Stu Hart, aliwafundishia wanamieleka kwenye chumba cha chini ya ardhi. Bret alikuwa bingwa wa dunia mara kadhaa, lakini anachojivunia hasa ni kwamba katika miaka yote hiyo hakumjeruhi vibaya mpinzani. Huo ndio ufundi wenyewe wa kazi hii: mwenzako anakukabidhi shingo yake, nawe unamrudisha kwake mzima. Agosti 1992, mbele ya umati wa watu wapatao 80,000 katika uwanja wa Wembley, London, alipigana na shemeji yake, Davey Boy Smith. Bret amesimulia kwamba mapema tu shemeji alimnong'oneza kuwa amesahau kila kitu walichopanga. Bret akamwongoza hatua kwa hatua, huku akipigana, hadi mwisho ambapo yeye mwenyewe alitakiwa kushindwa. Anayeita hilo udanganyifu anitajie kazi nyingine inayodai mwili na akili kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Sasa tazameni ukoo huohuo ulivyolipwa. Septemba 1998 Davey Boy aliangukia mlango wa siri uliowekwa chini ya sakafu ya ulingo kwa ajili ya mbwembwe za mpiganaji mwingine. Mlango wa maigizo, kama mnavyopenda kusema, ukamwumiza uti wa mgongo kweli. Alifariki Mei 2002 akiwa na miaka 39.

Tarehe 23 Mei 1999, huko Kansas City, mdogo wake Bret, Owen Hart, alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka kwenye paa la ukumbi. Ilikuwa njia ya kumwingiza kwa kishindo. Kamba ikaachia, akaanguka zaidi ya mita ishirini hadi ulingoni, akafa. Mtangazaji Jim Ross alilazimika kuwaambia watazamaji wa televisheni kwamba hili halikuwa sehemu ya onyesho. Fikirini maana yake. Watu walikuwa wamezoeshwa kiasi cha kuhitaji kuelezwa kwamba mtu aliyeanguka ameanguka. Na onyesho likaendelea; mapambano yaliyobaki yakapigwa usiku uleule, juu ya ulingo uleule. Hilo linanitia hasira hadi leo.

Desemba mwaka huohuo Bret mwenyewe alipigwa teke la kichwa na mpinzani wake ulingoni, Goldberg, jijini Washington. Goldberg hakukusudia kumwumiza. Ubongo ulitikisika, naye akaendelea kupigana kwa wiki kadhaa kabla madaktari hawajamsimamisha. Oktoba 2000 WCW, kampuni ya mieleka aliyokuwa akiipigania wakati huo, ikavunja mkataba wake. Mwaka 2002 alianguka kwenye baiskeli, akapata kiharusi, akaanza kujifunza kutembea upya.

Hawa walikuwa na majina makubwa. Wapo wengi wasio na majina, na karibu wote wana hali moja: kampuni huwasajili kama wakandarasi huru, si waajiriwa, na bima ya afya kila mmoja hujitafutia. Mpaka leo hawana chama cha wafanyakazi kinachowatetea. Nani atawahurumia, ilhali kila mtu ameshaamua kwamba hawaumii?

Na jambo hili limeshafika kwetu. Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling wanapigana kwenye ulingo wa matope uliozungushiwa mianzi, na video zao zimetazamwa duniani kote. Ninawatazama kwa furaha. Wana kipaji na wana njaa ya kufika mbali. Wengine wataiga, Dar es Salaam, Mombasa, popote penye uwanja na simu ya kurekodia. Mzazi wa kijana atakayejiunga nao asiulize kama mapambano ni ya kweli. Aulize nani atamlipia hospitali mwanawe shingo ikivunjika, na yuko wapi daktari siku ya pambano. Mwandaaji akimjibu kwamba mshindi hupangwa mapema, hajamjibu, na kijana arudi naye nyumbani.