Kutengeneza gemu si kuchezacheza

Wandugu, tangu nimalize chuo barua zangu za kuomba kazi hazijibiwi. Mwezi wa tatu sasa niko najifunza kutengeneza gemu: binti mwenye upanga, kuta, maadui, funguo zilizofichwa. Nyumbani wanasema nachezacheza tu. Lakini kumfanya aruke bila kupenya ndani ya ukuta kulinikula siku nne! Mara 60 kwa sekunde mashini inahesabu: yuko wapi, anagusa nini, anaanguka kwa mbio gani. Ni fizikia ile ile tulikariri ubaoni bila kuiona.

Programu natumia, Godot, ni ya bure, na ukishaipakua haikuombi mega tena. Eric Barone wa Marekani alimaliza chuo 2011, akakosa kazi, akatengeneza Stardew Valley peke yake, ikatoka 2016. Sidhani kama yeye alikuwa anangojea umeme urudi saa nane ya usiku.

Basi wenye wanaacha mitaa gizani wasituambie tena «vijana, mujiajiri». Tunadai kila komini ifungue chumba kimoja, chenye sola na mashini kumi, hata jioni tu. Na mwenye anajua kuchora aniandikie: binti wangu bado ni mraba mwekundu.