Kibali cha fataki: Baruti hukaguliwa, milango husahauliwa

Mkesha wa Mwaka Mpya unapokaribia, Jeshi la Polisi jijini Dar es Salaam hutoa onyo ambalo wakazi wengi wamekwisha kulikariri: ni marufuku kuchoma matairi barabarani na kurusha fataki bila kibali. Onyo hilo lina msingi. Jiji lililoyasikia maghala ya silaha ya Mbagala yakilipuka Aprili 29, 2009, na kisha yale ya Gongo la Mboto Februari 16, 2011, halihitaji kufafanuliwa kwa nini mtu asilipue kitu usiku wa manane bila majirani kujulishwa. Wapo wakazi wa maeneo hayo ambao hadi leo mshindo wa ghafla huwatoa kitandani.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni hicho kibali chenyewe. Mwandaaji wa onyesho la hadhara hashughulikii ofisi moja. Fataki ni baruti, na kwa hiyo uingizaji, uhifadhi na ulipuaji wake huangukia chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, inayosimamiwa na mamlaka za madini. Mkusanyiko wa watu ni suala la polisi, ambao sheria inataka wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla ya shughuli. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huangalia hatari ya moto. Halmashauri ya manispaa, kwa upande wake, ndiyo yenye viwanja vya wazi, barabara za mitaa, taa na magari ya taka. Kila ofisi hutazama kipande chake na kugonga muhuri. Ni rahisi mno mihuri yote ikapatikana bila yeyote kuuliza watu watatokea wapi onyesho likiisha.

Swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu maafa makubwa kadhaa ya maonyesho ya fataki hayakusababishwa na baruti hata kidogo. Kampala iliupokea mwaka 2023 kwa msiba katika jengo la biashara la Freedom City, kwenye barabara ya kwenda Entebbe. Watu waliokuwa kwenye tamasha walihimizwa watoke nje kutazama fataki. Zilipokwisha, umati ukasongamana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua tisa walipoteza maisha, wakiwamo watoto, wengi kwa kukosa hewa.

Miaka kumi kabla yake, alfajiri ya Januari 1, 2013, zaidi ya watu 60 walikufa mjini Abidjan, Ivory Coast, wakati umati ulipokuwa ukirejea nyumbani baada ya kutazama fataki katika eneo la Plateau. Baadhi ya manusura walisimulia kuwa njia ilikuwa imezibwa kwa magogo. Nchini Japani, Julai 21, 2001, watu 11, tisa kati yao watoto, walikufa kwenye daraja la waenda kwa miguu mjini Akashi, lililounganisha kituo cha treni na ufukwe wa onyesho. Waliokuwa wakienda walikutana na waliokuwa wakirudi. Katika kesi zilizofuata, miongoni mwa waliotiwa hatiani walikuwamo maofisa wa jiji hilo, pamoja na ofisa wa polisi na msimamizi wa ulinzi. Ofisa wa manispaa anayesaini barua ya kuruhusu matumizi ya uwanja angefanya vyema kuisoma kesi hiyo kabla ya kutafuta kalamu.

Tanzania nayo haina sababu ya kujiona iko mbali na hatari hii. Huko Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika mkutano wa maombi walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka uliofuata, watu 45 walikufa katika msongamano wa kuuaga mwili wa Rais John Magufuli, Uwanja wa Uhuru. Hakuna fataki iliyorushwa katika matukio hayo mawili. Fataki huongeza jambo moja baya zaidi: huwafanya maelfu ya watu watazame juu kwa wakati mmoja, gizani, na kisha waondoke kwa dakika ile ile.

Kwa hali hiyo, saa 48 zinaweza kumtosha kamanda kupanga askari wake, lakini hazimtoshi mhandisi wa manispaa kupima upana wa mageti, kukagua taa za njia ya kutokea na kuamua barabara ipi ifungwe. Maombi yanapaswa kufika wiki kadhaa kabla, yakiwa na mchoro wa eneo na idadi ya juu ya watu, na ofisi zote zikae meza moja. Nchini Uingereza halmashauri nyingi hufanya hivyo, zikiwakutanisha polisi, zimamoto na huduma za magari ya wagonjwa kabla ya shughuli kubwa. London ilikwenda mbali zaidi. Baada ya umati wa mkesha kukadiriwa kufikia watu 500,000, kuanzia mwaka 2014 jiji hilo liliweka tiketi za pauni 10 kwa watu 100,000.

Wapo watakaosema njia nyepesi ni kupiga marufuku kabisa. Marufuku hayo yatawazuia waandaaji wenye anwani na jina la kulinda. Hayatamzuia kijana aliyenunua fashifashi dukani na kupanda nazo juu ya paa la nyumba ya wapangaji, mahali ambapo hakuna askari, hakuna gari la zimamoto wala mtu wa kuhesabu waliopo.

Linabaki suala la gharama. Manispaa ikifunga barabara, ikaleta gari la wagonjwa na kulipa wafagiaji wa alfajiri, bili hiyo haiwezi kuangukia mlipa kodi wa Mbagala ilhali faida ya viingilio inabaki kwa mwenye hoteli ya ufukweni. Iandikwe katika kibali chenyewe nani analipa, na pembeni yake, jina la ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho endapo geti moja litakutwa limefungwa.