Butembo–Beni: Alama ya theluji kwenye mupira haiokoi abiria katika mvua

Katika depo za mipira ya gari huko Butembo, herufi mbili zinauza kuliko maneno mengi: M+S. Ziko pembeni ya mupira uliokwisha kutumika Ulaya, na maelezo yanayozifuata ni yaleyale. Mupira ni wa majira yote, unatembea hata katika theluji. Namna gani ushindwe na mvua ya kwetu? Mununuzi anatoa feza, na kesho yake gari inapakia watu kwenda Beni.

Swali hilo linapaswa kujibiwa mbele ya mvua kubwa kuliko nyuma yake. Ukweli ni kwamba alama ya theluji haisemi kitu chochote juu ya mupira uliokwisha, na barabara ya Butembo–Beni imejaa mipira iliyokwisha.

Theluji yenyewe, wakaaji wa Beni wanaijua kwa macho tu. Asubui, anga ikiwa safi, wanaiona juu ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika metre 5.109. Hakuna gari inayopita kule. Butembo iko karibu na metre 1.800 juu ya usawa wa bahari, ni muji wa baridi kwa mutu anayetoka Beni au Kasindi, lakini iko karibu kabisa na mustari wa ikweta. Majira yanayojulikana hapa ni mawili: ya mvua na ya vumbi.

Herufi M+S maana yake ni matope na theluji. Wengi hawajui kwamba kiwanda kinaziandika chenyewe, bila kulazimishwa kupimisha mupira juu ya theluji. Alama inayodai kipimo ni ingine: picha ya mulima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Ndiyo sababu Ujerumani, tangu mwezi wa 10 mwaka 2024, mupira wenye M+S peke yake hauhesabiwi tena kuwa mupira wa kipindi cha baridi. Herufi zisizotosha tena kule kwenye theluji ndizo zinaonyeshwa hapa kama hakikisho.

Ule mupira wa kipindi cha baridi kabisa nao una shida yake. Umetengenezwa kwa mpira laini kusudi usikauke wakati baridi inashuka chini ya degre 7. Juu ya barabara yenye joto, mpira ule unakuwa laini kupita kiasi: unakwisha haraka, na gari inachukua mwendo murefu zaidi mbele ya kusimama. Mupira wa majira yote uko katikati. Katika theluji kidogo unapita ule wa kipindi cha joto, lakini haufikii ule wa baridi. Katika mvua unaweza kuwa muzuri sana, kwa sharti moja: mifereji yake iwe bado na kina.

Mifereji ndiyo inayofanya kazi wakati wa mvua. Mupira mupya wa gari ndogo unakuwa na mifereji ya karibu milimetre 8. Maji yaliyo chini ya gurudumu yanaingia mule na kutoka kwa pembeni, hivi mpira unagusa barabara. Mifereji ikiwa imekwisha, maji hayana njia. Gari ikienda kwa mbio inapanda juu ya maji na kuelea. Shofere anazungusha usukani, lakini magurudumu hayasikii. Sheria za Ulaya zinakataza mupira wa gari ndogo wenye mifereji isiyofika milimetre 1,6, na wataalamu wengi wanashauri kuubadilisha ukifika milimetre 3, kwa sababu ya mvua. Mupira ulioondolewa kwenye gari kule kwa sababu umekaribia mupaka huo ndio unaweza kuanza maisha ya pili katika mitelemuko ya Kabasha.

Matope ni jambo lingine. Mupira wa majira yote una mikato midogomidogo mingi, mizuri kwa barabara ya lami yenye maji. Katika matope ya barabara ya Manguredjipa, mikato hiyo inajaa udongo, na nyuma ya mizunguko michache mupira unakuwa kama kipara. Matope yanataka meno makubwa yenye nafasi kati yake. Lakini meno hayohayo, juu ya lami yenye maji, yanashika vibaya zaidi. Hakuna mupira mumoja unaofaa pote, hata kama jina lake linaahidi majira yote.

Tena lami inakuja. Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pamoja mradi wa barabara unaohusu kilometre 80 za Kasindi–Beni na kilometre 54 za Beni–Butembo. Kila mutu anaifurahia lami, na ni haki. Lakini matope yanapunguza mwendo wa shofere kwa nguvu, lami haimupunguzii. Mupira wenye kipara ulioteleza polepole katika matope utateleza kwa mbio juu ya lami. Kadiri barabara inavyotengenezwa, ndivyo mupira mubaya unavyozidi kuwa hatari.

Washofere wana jibu lao, na halina uongo. Gari si yao. Mwenye gari anangojea feza yake kila jioni, na hataki kusikia habari za mupira mupaka siku unapopasuka. Kwado wa kando ya barabara anaziba tundu, siku inaendelea. Kweli, umaskini ni mukubwa. Lakini kama mwenye gari ndiye anayepokea faida, yeye ndiye wa kwanza anayepaswa kununua mipira, si kumuachia shofere hesabu hiyo. Na katika eneo hili hesabu si ya ajali peke yake. Gari inayokwama au kuanguka jioni inaacha abiria porini usiku, na hakuna mukaaji wa Beni anayehitaji kuelezwa usiku wa namna hiyo unaweza kuleta nini.

Polisi wa rulaje wanasimamisha magari kila siku kwa kutazama makaratasi: asiranse, vinyeti, ruhusa ya kuendesha. Wakati wa mvua, kuinama dakika moja na kutazama mipira mine kungefaa abiria zaidi kuliko karatasi ya tano. OCC, yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia inchini, inaweza kuanzia Kasindi: mupira wenye nyufa au wenye mifereji iliyokwisha usifike sokoni. Na muuzaji asikasirike mununuzi anapotaka kusoma tarehe. Iko pale, kwenye alama ya DOT: tarakimu ine za mwisho zinaonyesha juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa deponi, unakauka na kupasukapasuka.

Abiria naye ana kipimo kisichogarimu kitu. Kijiti cha kibiriti kina unene wa milimetre 2 hivi. Akikilaza ndani ya mufereji wa mupira na kikatokeza juu, ule mupira umefika mwisho wake, hata uwe umeandikwa M+S pande zote mbili. Shofere atacheka, pengine atakasirika. Lakini watu wawili, watatu wakikataa kupanda gari ile mbele ya wengine, mwenye gari atapigiwa simu siku ileile, na safari hii hataulizwa feza za kituo. Ataulizwa mipira.