WALIOTANGULIA: Nahodha aliyekufa bila ya wasia



Ndugu wasomaji, mwezi huu safu yetu inamtazama mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa pwani yetu. Hata hivyo maisha yake yanafanana na ya wengi wetu tulio huku ugenini, na mwisho wake unatuhusu zaidi.

William Leidesdorff alizaliwa mwaka 1810 katika kisiwa cha St. Croix, bahari ya Karibi, kilichokuwa wakati huo chini ya Denmark. Baba yake alikuwa Mzungu. Mama yake, Anna Marie Sparks, alikuwa mwenye asili ya Kiafrika. Ujanani alihamia New Orleans, Marekani, akashika ubaharia na biashara mpaka akawa nahodha. Mwaka 1841 aliingia ghuba ya San Francisco na merikebu iitwayo Julia Ann. Nchi ya California ilikuwa bado chini ya Mexico, na pale palipo na jiji kubwa leo palikuwa na kijiji tu, jina lake Yerba Buena. Akawa anasafiri baina ya hapo na visiwa vya Hawaii, na biashara kuu ya pwani ile ilikuwa ngozi na shahamu ya ng'ombe.

Mwaka 1844 alichukua uraia wa Mexico, akapewa ardhi ya zaidi ya eka 35,000 kandokando ya Mto American. Mwaka uliofuata Marekani ilimfanya naibu wa balozi wake mdogo hapo kijijini. Akajenga hoteli, na mwaka 1847 akaleta Sitka, stima ndogo iliyokuwa ya kwanza kuonekana katika ghuba ile.

Mwaka huo huo mji, ambao sasa ulikuwa mikononi mwa Marekani na kuitwa San Francisco, ulihesabiwa ukaonekana una watu 459. Mkuu wake aliitwa alcalde, cheo kinachokaribia meya wa leo au liwali wa zamani kwetu. Leidesdorff alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe sita wa baraza la mji, akakabidhiwa hazina. Alikuwamo pia katika kamati ya shule, na mwezi wa Aprili 1848 mji ukafungua shule yake ya kwanza ya umma. Mimi niliyekula chumvi ya ualimu naihesabu kazi hiyo kuwa bora kuliko hoteli na stima.

Mwezi uliofuata, tarehe 18 Mei 1848, homa ilimwua kabla hajatimiza miaka 40. Alizikwa katika kanisa la Mission Dolores. Hakuwa na mke wala mtoto, na hakuacha wasia. Aliacha ardhi, majengo na madeni mengi.

Miezi minne kabla ya kifo chake dhahabu ilikuwa imegunduliwa katika bonde la mto ule ule uliopita kwenye ardhi yake. Watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia, na thamani ya ardhi ikapanda kupita kiasi. Afisa mmoja wa jeshi la Marekani, Kapteni Joseph Folsom, akafunga safari hadi St. Croix kumtafuta mama wa marehemu. Alimkuta, wakapatana auze haki zake za urithi kwa dola 75,000. Mali hiyo baadaye ilithaminiwa kuwa zaidi ya dola milioni moja. Leo upo mji wa Folsom huko California, wenye jina la mnunuzi. Nahodha amebaki na jina la barabara fupi mjini San Francisco.

Ndugu zangu, wangapi kati yetu wana mama Pemba, Lamu au Mombasa? Katika Sura ya An-Nisaa, Mwenyezi Mungu amempa mama wa marehemu aliyeacha watoto sudusi ya mali. Sheria ya England na Wales haiijui sudusi hiyo. Mtu akifa bila ya wasia, naye ameacha mke au mtoto, wazazi wake hawapati hata peni moja. Mke aliyeolewa hapa kwa nikahi peke yake, pasina ndoa kusajiliwa serikalini, naye hahesabiwi kuwa mke, wala harithi kama mke. Na asiye na jamaa wa karibu anayejulikana, mali yake huishia serikalini.

Dawa yake si ngumu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kuandika wasia kwamba mali yake igawanywe kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu: baada ya maziko yalipwe madeni, kisha usia usiozidi thuluthi kwa wasiokuwa warithi, na inayobaki wapewe warithi kwa mafungu yao. Wasia utiwe saini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja, nao watie saini zao. Shahidi asiwe mtu atakayepewa kitu, wala mume au mke wa mtu huyo. Andikeni humo madeni yenu, na majina na anwani za wazee walio nyumbani. Mwonyesheni wakili kabla ya kuutegemea.

Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametufunza kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Leidesdorff aliyetunza hazina ya mji mzima hakuwahi kuandika karatasi moja ya mama yake. Sisi tuliokwisha kufundishwa tutatoa udhuru gani?

Wabillahi tawfiq.